Marashi na Makofi

Redioni kuna mabwana wanaopenda kukutana na kulalamika kwamba taifa letu halina jumba la maigizo la maana. Mmoja anasema bila jumba hakuna sanaa ya taifa, mwingine anataka lijengwe mji mkuu, wa tatu anataka viti vya kitambaa chekundu. Mimi huwasikiliza huku nakuna nazi, na kila mara najiuliza swali moja tu: ufunguo wa jumba hilo atakaa nao nani? Wajukuu zangu wanasema nina shaka na kila kitu, hata na mchele uliokwisha kuchaguliwa. Ni kweli. Nilizaliwa na shaka zangu, na miaka ya hamsini pale Tanga ilinipa sababu ya kuendelea nazo.

Wakati huo nilikuwa mke kijana, nakaa Ngamiani na mume wangu aliyekuwa akifanya kazi reli, na nilikuwa mpiga pembe katika chama chetu cha vugo. Asiyelijua vugo nimweleze. Ni ngoma ya wanawake, ya arusi. Kila mmoja anashika pembe ya nyati mkono wa kushoto na kijiti mkono wa kulia, tunatembea polepole katikati ya mtaa, tunapiga na kuimba, kutoka kwa bwana arusi mpaka kwa bibi arusi. Nyimbo nyingi ni za kumsifu mwari na mama yake. Nyingine ni za kusema. Mtu aliyemdhulumu mwenzake, aliyemtupa mzazi wake, aliyekula cha yatima, huyo alijua kwamba siku vugo litakapopita kwake litasimama. Tutasimama mbele ya mlango wake na kuuimba wimbo wake mpaka uishe. Hatumtaji jina wala hatumnyooshei kidole. Hakuna haja, maana mlango ni wake na mtaa mzima unaujua.

Hapo mwenye nyumba anachagua. Akikubali, mama wa nyumba hutoka na mrashi na kuturushia marashi, maana yake maneno yamefika na nyumba itayashughulikia, na wimbo ule hauimbwi tena. Asipokubali anafunga madirisha, nasi tunapita zetu. Lakini tutarudi arusi ijayo, na nyingine, na siku atakapokuwa na shughuli yake atatafuta watu wa kumpikia asiwaone. Nimewahi kuona mtu mzito akirudisha shamba la mwenzake kwa sababu ya marashi. Mahali pamoja tu ndipo pembe ziliponyamaza, nayo ni nyumba yenye msiba. Tukifika penye maiti, kiongozi wetu aliinua mkono, vijiti vikashuka, tukapita kimya mpaka tuivuke nyumba hiyo.

Kiongozi wetu alikuwa mama mdogo wangu, mdogo wa mwisho wa mama. Alikuwa mzaliwa wa Moa, mwembamba, mchache wa maneno nyumbani, lakini akifungua kinywa kuimba unaweka chini unachokifanya. Yeye ndiye aliyetunga na kuanzisha nyimbo. Alikuwa ameolewa na bwana mmoja mwenye mashamba ya minazi huko huko Moa na nyumba ya mawe hapa mjini, mtu wa kwenda Mombasa kwa njia ya Horohoro na kurudi na vitambaa vya bei. Alikuwa mcheshi na mkarimu kwa wageni, na anajua kumpa kila mtu mkono. Mimi sikumpenda tangu siku ya posa, kwa kuwa alicheka kabla mwenzake hajamaliza kusema.

Siku moja mchana mama mdogo alichelewa kurudi kutoka mazoezini. Mumewe alimkuta mlango wa jikoni akivua buibui, akamwambia, "Nimekuacha. Nenda kaolewe na hizo pembe zako." Mama mzazi wa yule bwana alikuwa pale pale juu ya mkeka anachagua mchele. Mama mdogo akachukua sanduku lake akaja kwetu, akakaa eda yake kama sheria inavyotaka, na eda ilipokwisha, fundi mmoja wa baiskeli, mgane mwenye adabu, akatuma wazee kuja kumposa. Sote tulifurahi. Mama mdogo mwenyewe alinunua leso mpya, akaikunja akaiweka sandukuni.

Yule bwana alipopata habari alikwenda kwa Liwali akasema hajamwacha mke wake, mke amekimbia nyumba. Akashika Msahafu akaapa. Mama yake alipoulizwa akasema siku hiyo alikuwa amezama katika nyuradi zake, hakusikia kitu. Liwali angefanya nini? Alifuata kilichowekwa mbele yake, akasema mke ni wa mumewe. Basi mama mdogo akawa si mke wala si mtalaka. Mume hakuja kumchukua, hakumtumia hata kibaba cha mchele, na kila alipoulizwa msikitini alijibu kwa upole kwamba mlango uko wazi, akitaka arudi. Hakumtaka. Alichokuwa hataki zaidi ni watu kuona fundi wa baiskeli amekaa mahali alipoondoka yeye.

Nilitaka kumpasua kichwa kwa pembe. Mama mdogo hakutaka makelele, alitunga wimbo. Kulikuwa na arusi inakuja ambayo njia yake ilipita mlangoni kwa yule bwana, nasi tukaujifunza uani kwa sauti ya chini:

*Wanikalisha kizingitini, ndani siingii nje sitoki,*
*Neno ulilitoa kinywani, leo walimeza halishuki.*

Ndiyo wiki alipokuja Bwana Ustawi.

Sisi tulimwita hivyo kwa sababu alikuwa mtumishi wa mambo ya ustawi, kijana wa kutoka bara, kasoma, kaptura yake imepigwa pasi mpaka inakata. Serikali ilikuwa imemaliza kujenga ukumbi karibu na uwanja, na yeye ndiye aliyekabidhiwa. Alivua viatu mlangoni, akaamkia, "Shikamoo mama," akakaa mkekani, akakubali kahawa. Sikuona kosa katika adabu zake, na hilo lenyewe lilinitia wasiwasi.

"Mama," alimwambia mama mdogo, "nchi hii iko siku itakuwa taifa. Kila taifa lina nyumba ya michezo yake. Ngoma zetu zikibaki vichochoroni zitakufa na vumbi. Ninataka ukumbi wetu ufunguliwe na vugo lenu. Leo ni ukumbi wa Tanga, kesho tutakuwa na ukumbi wa nchi nzima."

Alisema kwa moyo, naapa alisema kwa moyo. Macho yalikuwa yakimng'aa. Kisha akaongeza, kama mtu anayetaja jambo dogo, kwamba tangu sasa ngoma za kutembea barabarani zitahitaji kibali, kwa sababu ya malori na makelele, lakini za ukumbini hazitahitaji chochote.

"Na kamati ya ukumbi ni akina nani?" nikauliza.

Akawataja. Katikati ya majina hayo nikalisikia la yule bwana. "Ametusaidia sana," Bwana Ustawi akasema. "Pazia lote kalitoa yeye. Na fikira ya vibali ilizungumzwa vizuri sana katika kamati."

"Ilianzishwa na nani?"

"Ilizungumzwa," akasema, akanywa kahawa yake.

Mpaka leo ushahidi sina. Huenda ni kweli malori yalikuwa yanazidi, mkonge ulikuwa unapita usiku na mchana kwenda bandarini. Ila kibali cha arusi ile hakikupatikana, bibi arusi akapelekwa kwa teksi madirisha yamefungwa, na mlango wa yule bwana haukusikia hata kijiti kimoja. Mtu anayeweza kuyaona mambo hayo mawili asiyaunganishe ana moyo mweupe kuliko wangu.

Nilidhani mama mdogo angemkatalia Bwana Ustawi. Akakubali.

"Aka! Huoni wanakutoa barabarani?" nikamwambia mgeni alipoondoka.

"Naona," akasema. "Wewe nawe fikiri kidogo. Siku ya kufungua, yule bwana mwenyewe atakaa mbele. Liwali atakuwepo, na Bwana Mkubwa wa wilaya, na mji mzima. Mlangoni kwake angeweza kufunga dirisha. Mle ndani atakimbilia wapi?"

Niliona maneno yake yana akili. Ndivyo tulivyokosea.

Nikaanza kuukagua ule ukumbi kila tulipokwenda mazoezini. Madirisha yalikuwa juu sana, mtu aliye nje haoni ndani. Mlango ulikuwa mmoja mkubwa wenye kufuli, na ufunguo ulikaa na kamati. Jukwaa lilikuwa limeinuliwa, mabenchi yote yanatazama upande mmoja. Barabarani sisi tulivaa buibui zetu, na mwanamume mwenye haya alijua kuinamisha macho tunapopita. Mle ndani alitiwa benchini makusudi atutazame. Nilimwambia Bwana Ustawi, akasema tutakuwa na buibui zetu vile vile, kuna tofauti gani? Sikuweza kumweleza, na mtu asiyejua kueleza huonekana mbishi tu.

Alituchorea mstari wa chaki jukwaani, tusiuvuke. Vugo lisilotembea, hebu niambieni. Tulisimama kwenye chaki kama watu wanaosubiri dawa hospitali, tukapiga pembe, na yeye akakimbia mpaka mwisho wa ukumbi, akapaza sauti kutoka huko: "Sauti, mama! Wa nyuma hawasikii!" Mama mdogo akaongeza sauti. "Bado! Wa nyuma hawajasikia!" Kila siku ya mazoezi ilikuwa hivyo. Wenzangu walimgeza njiani tukirudi, mmoja akinong'ona jambo la siri, mwingine anamjibu, "Wa nyuma hawajasikia!" na tunacheka mpaka tunashika mbavu.

Siku ya kufungua ilifika, baada ya alasiri. Ukumbi ulijaa. Mbele walikaa wakubwa na wake wa Kizungu waliokuja kwa magari kutoka Raskazone, na yule bwana alikaa nao, joho lake jeusi limedariziwa, anamtafsiria bibi mmoja hiki na kile. Pazia likafunguka. Tulipiga nyimbo za arusi, kisha mama mdogo akasogea mbele, akavuka ule mstari wa chaki, akaanza.

Sijapata kumsikia akiimba vile. Alimtazama mumewe usoni. *Wanikalisha kizingitini.* Pembe zetu zilimfuata kwa sauti ya chini, polepole, na mabenchi ya katikati, wanakokaa watu wa Ngamiani, yakawa kimya kabisa, kwa kuwa wao walijua. Nikamwona yule bwana ameganda. Nikajisemea, kapatikana. Mama mdogo akarudia ubeti wa mwisho, *walimeza halishuki*, akanyamaza, nasi tukanyamaza, na mimi nikawa nangojea, sijui nilingojea nini. Labda mtu asimame na mrashi.

Yule bwana akacheka. Kisha akapiga makofi.

Bibi wa Kizungu pembeni yake akapiga, na mumewe, na mstari wote wa mbele, kisha makofi yakarudi nyuma benchi kwa benchi mpaka watu wa mitaani kwetu nao wakapiga, kwa sababu wakubwa wanapiga na ukumbini ndivyo inavyofanywa. Yeye akasimama kabisa, mikono juu, anapiga kuliko wote. Pazia lake likafungwa mbele yetu. Tukabaki nyuma ya kitambaa na pembe mikononi, tukisikia makofi ya watu tusiowaona.

Alikuja nyuma ya jukwaa pamoja na kamati. Akampa mama mdogo mkono mbele ya watu wote. "Hongera bibi," akasema. "Umecheza vizuri sana."

Umecheza. Mama mdogo alikuwa amelia maisha yake, naye anamwambia amecheza. Bwana Ustawi alisimama hapo anatabasamu, jasho linamtiririka kwa furaha, akasema ndiyo mwanzo wa sanaa ya taifa. Nilimchukia siku hiyo, na sina haja ya kuficha. Mama mdogo alivuta mkono wake, akaufuta kwa leso.

Ubaya haukuishia hapo. Wimbo ulipendwa. Wasichana waliuimba wakiruka kamba, wauza maji waliupiga mluzi, na kila aliyeuimba alisema ni ule wimbo wa mchezo wa ukumbini. Hata kama tungepata kibali na kwenda kuuimba mlangoni, yule bwana angefungua madirisha yote na kucheza nasi. Wimbo uliisha nguvu kwa kupigiwa makofi. Na yule fundi wa baiskeli, dada zake walikuwa wanamsukuma aoe kwingine. Alimtumia mama mdogo ujumbe wa heshima kwamba atangoja mpaka Mfunguo Mosi, Ramadhani ikishatoka, na baada ya hapo asimlaumu. Rajabu ilikuwa imekwisha andama. Nilimwona mama mdogo akiitoa ile leso mpya sandukuni, akaitazama, akairudisha.

Miaka hii yote nimeifikiria siku ile, na ndiyo maana mabwana wa redioni wananikera. Wanaulizana kama taifa linahitaji jumba. Sikatai jumba, mvua hunyesha na wasanii nao ni watu. Lakini mtu akinijengea nyumba ya kusemea maneno yangu, nataka kujua kama maneno yakitoka humo yataweza kumfuata mwenyewe mpaka kwake. Ukumbini yule bwana alikuwa mgeni kama wageni wengine. Alitazama taabu aliyoifanya yeye mwenyewe, akapewa nafasi ya kuipongeza, akaenda nyumbani kula. Nyumba niliyoihitaji mimi ilikuwepo siku nyingi, imejengwa kwa mawe na chokaa karibu na soko, na tulizuiwa kusimama mbele yake. Basi taifa likitaka kunijengea jumba, lianze kwa kunifungulia barabara.

Mwezi wa Shaabani mama wa yule bwana alikuja nyumbani kwetu. Binti yake wa mwisho alikuwa anaolewa, kabla ya Ramadhani. Zamani yule bibi alikuwa mpiga pembe katika chama chetu hiki hiki, kabla viungo havijamsumbua, na arusi ya familia kama yao kuondoka bila vugo ingekuwa aibu ya miaka. Alikaa mkekani, hakumtazama mama mdogo machoni. "Kibali mwanangu ameshakitafuta," akasema. "Nakuombeni mje."

Kwa hiyo kibali kilipatikana. Malori yalikuwa yamepungua ghafla, naona.

"Tutakuja mama," akasema mama mdogo, bila kuvuta pumzi.

Nilimngoja yule bibi avuke kizingiti, kisha nikamlipukia mama mdogo. Nikamwuliza kama ameahidiwa kitu. Nikamwambia watu watasema amekwisha rudi kwa mumewe kupitia mlango wa uani, na kwamba mimi pembe yangu haitalia kwa nyumba ile, bora niitumie kuchotea unga. Nilisema mengi, na mengine yalikuwa mabaya. Nilimshuku kweli, mtu aliyenilea. Yeye aliendelea kushona pindo la leso mpaka nikachoka.

"Umemaliza?" akauliza. "Basi siku hiyo njoo na pembe yako. Kaa nyuma kabisa, upige kwa nguvu."

Nikaenda, nimenuna. Alasiri ile tulitoka kwa bwana arusi, tumejipanga mtaa mzima, mama mdogo mbele, mimi nyuma ya wote. Ilikuwa miezi tangu vugo lipite barabarani, na watu walitoka hata wasiohusika. Wanawake walijaa vibarazani, vigelegele vilikuwa vinatupokea nyumba kwa nyumba. Bwana Ustawi alitokea kwenye njia panda na baiskeli yake, akashuka, akaikokota kando yangu. Nilifikiri amekuja kukagua kibali. "Kumbe mnatembea hivi," akasema peke yake. Nikamwambia, "Nilikwambia." Miguu yangu ilikuwa inaenda yenyewe, na hasira yangu, Mungu anisamehe, ilikuwa inacheza pamoja nayo.

Nyumba ya mawe ikaonekana. Mama mtu alikuwa amesimama mlangoni na mrashi wa fedha, nyuma yake chetezo kinafuka udi, na kando yake mwanawe katika kanzu na joho, anapokea watu. Mwari alikuwa ndani, amekwisha pambwa, anatungoja sisi tumwite kwa pembe. Tukakaribia mpaka mbele ya ngazi.

Mama mdogo akainua mkono.

Vijiti vikashuka. Hakuna aliyekuwa ameambiwa. Mikono yetu ilikuwa imezoea ishara ile miaka mingi, ikatii kabla vichwa havijauliza. Pembe zote zikanyamaza mbele ya nyumba ya arusi.

Kwanza vigelegele vilikatika. Mzee mmoja aliyekaa baraza ya nyumba ya pili alisimama, akasema kwa sauti, "Inna lillahi. Nani amefariki?" Jirani wa ng'ambo akatoka mbio amejitanda kanga kichwani. Ndani ya nyumba mtu alidondosha sinia, na mwanamke mmoja akaanza kulia bila kujua anamlilia nani. Bwana Ustawi, mtu wa bara asiyejua desturi zetu, alivua kofia yake akaiweka kifuani. Mimi nilisimama na pembe yangu, na sasa nilianza kuelewa.

"Wee mwanamke," mama mtu akasema. "Kwani hapa kuna maiti?"

"Ipo talaka imelazwa humu ndani, mama," akajibu mama mdogo. Hakuimba. Alisema tu, kwa ile sauti yake ya nyumbani, lakini mtaa ulikuwa kimya kiasi kwamba niliisikia. "Wewe ulikuwepo ilipotoka. Tunangoja izikwe, kisha tuingie arusini."

Yule bwana akacheka. Akatazama huku na huku, akiwatafuta wa kucheka naye. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea hata mimi niliyezoea kumtegemea mabaya: akapiga makofi. Akapiga peke yake, pale juu ya ngazi. Wageni wake walikuwa wamesimama na nyuso za matanga, na mikono imefungwa mbele, kama inavyopasa penye msiba. Makofi yake yakapungua, yakakoma, akabaki hajui aiweke wapi mikono.

Mama yake alikuwa anamtazama. Yeye aliwahi kushika pembe, alijua kwamba binti yake hawezi kutolewa chini ya kimya kile, na kwamba hakuna mtu mtaani ambaye angesahau. Nafikiri alijua na mengine, maana macho yake yalikuwa yamejaa.

"Nilikuwa nachagua mchele," akasema. "Nilisikia. Nilisikia nikanyamaza, na Mwenyezi Mungu aliniona. Sema, mwanangu. Sema dada yako atoke."

Nilimwona yule bwana midomo ikitikisika. Alikuwa ameinamisha kichwa, na alichosema kiliishia ndevuni. Waliosimama karibu na ngazi wakatazamana.

Mama mdogo hakusogea.

"Wa nyuma hawajasikia," akasema.

Bwana Ustawi alishtuka kando yangu kama aliyeguswa. Yule bwana akainua uso. Akatuona sote, mtaa mzima, mpaka kwangu mimi wa mwisho.

"Nilimwacha!" akasema kwa sauti. "Siku ile, jikoni, nilimwacha."

Mama yake akainua mrashi akaturushia. Mkono ulikuwa hauna nguvu, lakini alirusha tena na tena huku analia, na mama mdogo akashusha mkono wake, vijiti vikapanda. Nilijaribu kupiga nikashindwa kwa machozi. Marashi yalinifika hata mimi huku nyuma.